Pete Postlethwaite, baba wa kila namna

Kwenye filamu tulizokulia nazo kuna sheria ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atachomwa, atatupwa kutoka ghorofani, lakini dakika ya mwisho atainuka, atajipangusa vumbi, na adui atajuta kuzaliwa. Sheria hiyo imeyazoesha macho yetu kumfuata mtu mmoja. Waliobaki hata majina yao hatuyashiki. Ni "yule mzee", "yule padri", "yule adui mwenye sura ngumu". Mwingereza Pete Postlethwaite alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini akiwa mmoja wa hao "yule", na kwa maoni yangu hakuna mwigizaji wa kizazi chake Uingereza aliyefanya makubwa kuliko yeye kwa dakika chache alizokuwa akipewa.

Alipofariki tarehe 2 Januari 2011, akiwa na miaka 64, tanzia nyingi zilikimbilia sifa moja. Steven Spielberg, baada ya kufanya naye filamu mbili mwaka 1997, alisema huyu ndiye mwigizaji bora kuliko wote duniani. Postlethwaite mwenyewe aliigeuza sifa hiyo kuwa utani: bila shaka, alisema, alichomaanisha Spielberg ni kwamba Pete anajiona ndiye mwigizaji bora duniani. Jibu hilo nalipenda kuliko sifa yenyewe. Sifa ya Hollywood inatupeleka kumtazama kupitia filamu ambazo hakuwa na mengi ya kufanya, na inaficha kitu kinachoonekana wazi ukizipanga kazi zake kubwa kwa mfuatano. Mtu huyu, kuanzia 1988 mpaka mwaka wake wa mwisho kwenye skrini, alikuwa akirudi kwenye mtu yuleyule: baba. Baba mkatili, baba mvumilivu, baba aliyeipenda kazi kuliko mwanawe, baba aliyegawa mali yake kabla ya wakati, baba anayekata roho bila kusema neno ambalo mwanawe analisubiri.

Uso wake ulichangia. Mashavu yaliyobonyea, mifupa iliyotokeza kama mwamba, pua kubwa, macho madogo yaliyozama. Alionekana mtu mzima kabla ya utu uzima wenyewe kufika. Kijana mwenye sura ile hapewi nafasi ya kumbusu binti wa tajiri. Anapewa kuwa mchimba madini, sajini, mfungwa, mzee wa familia. Aliwahi kushauriwa abadili jina lake, kwamba ni refu mno na halitamki mtu. Akakataa. Uso ule na jina lile, ni kama alikuwa amekula yamini kwamba hatauza sura.

Alizaliwa Februari 1946 Warrington, mji wa viwanda ulio kati ya Liverpool na Manchester, katika familia ya Kikatoliki ya watu wa kipato cha chini. Aliwahi kufikiria upadri. Badala yake akasomea ualimu, akafundisha kwa muda, kisha akajiunga na shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic. Historia hii isingenishughulisha kama isingekuwa kwa kilichofuata: ukumbi wa Everyman, Liverpool, miaka ya sabini.

Everyman wa wakati ule ulikuwa mahali pa ajabu. Kikundi kimoja kilikuwa na Postlethwaite, Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, wote vijana wasiojulikana. Waandishi kama Willy Russell na Alan Bleasdale walikuwa wakiandika tamthilia kuhusu watu wa mitaa ya Liverpool, kwa lafudhi ya mitaa hiyo, zichezwe mbele ya watu haohao. Waigizaji walipakia vifaa kwenye gari dogo wakaenda kuigiza kwenye baa. Hebu fikiria: unaigiza huku mtu anaagiza bia, mwingine anamfokea mkewe, wa tatu hana habari kwamba kuna mchezo. Ukipiga kelele, umeshindwa, maana wao wana kelele kuliko wewe. Inabidi uwe na jambo usoni litakalomfanya mtu aweke glasi chini. Nadhani utulivu wa Postlethwaite mbele ya kamera, ule wa kumfanya mtazamaji ajisogeze karibu, ulizaliwa katika baa hizo. Baadaye alipita pia kampuni ya Royal Shakespeare, lakini ukimtazama vizuri, mtu wa Liverpool hakumtoka.

Kwenye filamu alianza kwa kuingia na kutoka tu. Mwaka 1977 anaonekana kidogo mno katika The Duellists, filamu ndefu ya kwanza ya Ridley Scott. Miaka kumi na moja ikapita kabla mtu hajampa jambo la kubeba. Mtu huyo alikuwa Terence Davies, mzaliwa wa Liverpool, na filamu ni Distant Voices, Still Lives ya mwaka 1988.

Hapa lazima tukae kidogo. Davies aliijenga filamu hiyo kutokana na kumbukumbu za familia yake mwenyewe, katika Liverpool ya miaka ya arobaini na hamsini, na baba aliyeitia hofu nyumba nzima. Hakuna hadithi inayonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni picha baada ya picha, kama mtu anayefunua albamu: harusi, mazishi, watu wakiimba baa, mama akiosha madirisha. Baba anatokea na kutoweka kadiri watoto wanavyomkumbuka. Usiku wa kuamkia Krismasi anawatazama watoto waliolala, kwa upole ambao huwezi kuutilia shaka. Siku yenyewe, mezani, anakunja ngumi, anavuta kitambaa cha meza, chakula na vyombo vinamwagika chini, kisha anamwita mkewe aje asafishe. Mahali pengine watoto wanamchungulia kutoka juu ghalani akimpiga brashi farasi huku akijiimbia taratibu, na mtu yule unaona angeweza kuwa baba mzuri kwa yeyote asiye wa nyumbani kwake.

Mwigizaji wa kawaida angetafuta daraja kati ya matukio hayo. Angeweka chozi, angeguna, angetudokeza kwamba naye aliumizwa utotoni. Postlethwaite hatoi kitu. Upole ni upole, kipigo ni kipigo, na maelezo hayapo, kwa sababu watoto wanaokumbuka nao hawakuwahi kupewa maelezo. Filamu ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa Cannes na tuzo kuu ya tamasha la Locarno, na mwigizaji wa miaka 42 akaanza kuulizwa simu yake.

Miaka mitano baadaye akaenda upande wa pili kabisa. In the Name of the Father ya Jim Sheridan, iliyotoka 1993, inasimulia kisa cha kweli ambacho Waingereza bado kinawaumiza. Tarehe 5 Oktoba 1974 mabomu ya IRA, kundi la wapiganaji lililopinga utawala wa Uingereza Ireland ya Kaskazini, yalilipuka kwenye baa za mji wa Guildford, watu watano wakafa. Polisi wakamkamata kijana wa Belfast, Gerry Conlon, na wenzake watatu, nao wakatoa maungamo chini ya mateso na vitisho. Baba yake, Giuseppe, mtu mgonjwa wa mapafu, alisafiri kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Naye akakamatwa, akahukumiwa pamoja na jamaa wengine, akafia kifungoni mwaka 1980. Mwana aliachiwa 1989. Hukumu ya baba ilifutwa 1991, akiwa kaburini miaka kumi na moja. Serikali ya Uingereza iliomba radhi hadharani mwaka 2005 kupitia kwa waziri mkuu Tony Blair.

Filamu inawaweka baba na mwana katika seli moja. Hilo halikutokea, na waliolalamika walikuwa na haki ya kulalamika. Kisa kilichojaa ushahidi wa kubuni hakikuhitaji kubuniwa zaidi. Hata hivyo, seli ile ndiyo iliyompa Postlethwaite kazi yake kubwa. Daniel Day-Lewis, anayecheza Gerry, amepewa hasira, kelele, safari ndefu kutoka ujinga hadi ujasiri. Postlethwaite amepewa kukohoa, kusali rozari, kuandika barua na kumwonea mwanawe aibu. Kiumri walipishana miaka kumi na moja tu. Ukiwa hujui, huwezi kukisia. Sauti yake ni ndogo, mabega yameinama, na anamkemea kijana wake kwa njia ambayo mtu yeyote aliyelelewa na baba mkimya ataitambua: bila kunyanyua kichwa.

Na tazama nguvu yake inakoonekana. Giuseppe anapofariki, wafungwa wanawasha karatasi na kuziachia kupitia madirishani, na usiku unajaa vipande vya moto vinavyoshuka taratibu. Postlethwaite hayupo kwenye tukio hilo. Linatukaba koo kwa sababu ya yote aliyokwisha kuyafanya kabla, kidogokidogo, wakati sisi tumekazana kumtazama Day-Lewis. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi; filamu ilipata uteuzi saba na kurudi mikono mitupu. Tuzo yake ilikwenda kwa Tommy Lee Jones wa The Fugitive, aliyekuwa mzuri kweli, lakini alikuwa akimfukuza mtu, na kumfukuza mtu kwenye filamu ni rahisi kuliko kukaa kwenye kitanda cha jela.

Televisheni nayo ilimtumia sana, na huko alijiachia. Kwenye mfululizo wa Sharpe mwaka 1994 alikuwa Obadiah Hakeswill, sajini katili wa jeshi la Uingereza katika vita dhidi ya Napoleon, anayezungumza na mama yake kupitia picha aliyoificha ndani ya kofia. Amepitiliza? Ndiyo, amepitiliza kwa makusudi, na inafurahisha. Mwaka 1999 kwenye Lost for Words akabadilishiwa kiti: akawa mwana wa makamo anayemuuguza mama anayepoteza kumbukumbu, mama akiwa Thora Hird, bibi wa uigizaji wa Kaskazini ya Uingereza, aliyepata BAFTA, tuzo kubwa ya filamu na televisheni ya Uingereza, kwa kazi hiyo. Postlethwaite pale anafanya jambo gumu la kumpisha mwenzake kila anapoingia.

Lakini kama ningeambiwa nichague moja ya kumwonyesha mtu asiyemjua, ni Brassed Off ya Mark Herman, 1996. Oktoba 1992 serikali ya kihafidhina ilitangaza mpango wa kufunga migodi 31 ya makaa ya mawe, na ajira zipatazo 30,000 zilikuwa hatarini. Kijiji cha Grimethorpe, Yorkshire Kusini, kilikuwa na mgodi na bendi maarufu ya matarumbeta iliyoundwa na wachimbaji. Mwezi uleule wa tangazo, bendi ikashinda ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Herman alichukua hali hiyo, akakiita kijiji Grimley, na muziki wa filamu ukapigwa na bendi yenyewe ya Grimethorpe.

Postlethwaite ni Danny, kiongozi wa bendi, mchimbaji mstaafu mwenye vumbi la makaa mapafuni. Kwake muziki ni kila kitu. Vijana wanapiga kura kuhusu ajira zao, yeye anauliza nani amechelewa mazoezini. Mwanawe Phil, aliyefilisika na kukimbiwa na mke, ananunua tromboni mpya kwa pesa asizo nazo ili asimwudhi baba. Kwa nusu ya kwanza ya filamu Danny hana huruma hata chembe, na kinachonishangaza ni kwamba Postlethwaite haombi tumsamehe. Hata anapoanguka njiani na kulazwa, wanabendi wakaja usiku chini ya dirisha la wodi kumpigia wimbo, taa za helmeti zao zikiwaka, yeye anasikiliza kama kiongozi anayesikiliza makosa.

Ndipo Phil anapojaribu kujiua. Na fainali inapofika, ndani ya Royal Albert Hall, Danny anatoka hospitali, anawakuta wameshinda, anapanda jukwaani, na anakataa kombe. Anasema aliamini muziki ndio jambo kubwa, kumbe si kitu mbele ya watu. Hotuba hiyo ya dakika mbili tatu imewahi kunukuliwa kwenye mikutano ya siasa na hata kuwekwa mwanzoni mwa muziki wa pop. Mara nyingi inasikilizwa kama hotuba dhidi ya serikali, nayo ni hivyo. Mimi naisikia pia kama kuomba radhi kwa mtu mmoja aliyekaa pale na tromboni yake. Postlethwaite anaitoa kwa sauti ya mtu asiyezoea kuhutubia, akipumua kwa shida, bila kupandisha mahali ambapo wengi wangepandisha. Wakati filamu inauzwa Marekani, matangazo yaliegemea zaidi mapenzi ya Ewan McGregor na Tara Fitzgerald. Steringi lazima apatikane, hata kama filamu yenyewe haina haja naye.

Hollywood kwa upande wake ilimwita kila ilipohitaji mtu wa kuaminika. Katika The Usual Suspects ya 1995 ni Kobayashi, wakili mtulivu ambaye mwishoni tunaanza kujiuliza kama aliwahi kuwepo, au msimulizi alimbuni kutokana na maandishi chini ya kikombe. Katika The Lost World ya Spielberg ni mwindaji anayeitwa Roland Tembo, anayetaka malipo ya kitu kimoja tu, kumwinda dinosaria dume mkubwa. Kulikuwa na tukio lililomtambulisha akiwa kwenye baa, Mombasa, akipigana. Likakatwa wakati wa uhariri. Filamu si nzuri sana, lakini anapompoteza rafiki yake na kukataa kazi nono anayopewa, kwa maneno kwamba amekaa vya kutosha pamoja na mauti, ghafla pana binadamu katikati ya mijusi.

Afrika Mashariki alifika kwa kazi iliyo bora zaidi. The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, 2005, ilipigwa Kibera na maeneo mengine ya Kenya, na matukio ya Sudan yalipigwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Postlethwaite anakuja mwishoni kabisa, akiwa Lorbeer, daktari aliyeshiriki kuwajaribia maskini dawa hatari, sasa kajificha jangwani akigawa chakula cha msaada. Ndiye shahidi ambaye filamu nzima imekuwa ikimtafuta. Ana muda mfupi mno, na ndani yake anaweka dhambi, kiburi cha mtu wa misaada, woga na kitu kinachokaribia toba bila kuifikia. Alichokuwa amefundishwa na kanisa utotoni kuhusu kuungama, nadhani, alikitumia hapo.

Mwaka 2008 akarudi Liverpool. Mji ulikuwa makao makuu ya utamaduni ya Ulaya kwa mwaka huo, naye akapanda jukwaa lilelile la Everyman kucheza Mfalme Lear chini ya mwongozaji Rupert Goold. Mapokezi ya wahakiki yalichanganyika mwanzoni, zaidi kwa sababu ya mbwembwe za uongozaji. Ila kwa mtu aliyekwisha kuwa baba wa nyumba ya Davies, wa seli ya Giuseppe na wa bendi ya Grimley, ni mchezo upi mwingine ulikuwa umebaki?

Miezi yake ya mwisho aliifanyia kazi huku saratani ya kongosho ikimla. Mwaka 2010 ana filamu tatu kubwa. Clash of the Titans tuiache. Katika Inception ni tajiri Maurice Fischer aliye kitandani, na mwanawe anaishi na jeraha la neno la mwisho alilosikia kwa baba: kwamba amemvunja moyo. Wezi wa ndoto wanatengeneza kitanda kingine cha bandia, ambako mzee anafafanua kwamba kilichomvunja moyo ni kuona mwana anajitahidi kuwa yeye. Upatanisho ule ni wa kughushi, mtego wa kibiashara, na sisi tunajua. Postlethwaite anauigiza kana kwamba ni wa kweli, mtoto analia, na watazamaji pia. Kama Kobayashi, hapa tena ni mtu aliyebuniwa na mtu mwingine, na kwa mara nyingine ndiye anayeaminika kuliko wote.

Kisha The Town ya Ben Affleck. Anauza maua Boston, na nyuma ya duka anaendesha majambazi. Anakata miiba ya mawaridi huku anamsimulia kijana jinsi alivyomwangamiza baba yake kwa kumzoesha mama yake madawa ya kulevya. Amekonda, shingo imebaki mishipa, na haufichi udhaifu huo. Anaufanya kuwa tishio. BAFTA walimteua kwa kazi hiyo akiwa amekwisha kufariki.

Kuna jambo la nje ya skrini ambalo haliwezi kuachwa. Alikuwa mkali wa siasa, na kwenye uzinduzi wa filamu ya tabianchi The Age of Stupid, 2009, alimwambia waziri Ed Miliband ana kwa ana kwamba serikali ikiruhusu mtambo mpya wa makaa ya mawe Kingsnorth, atairudisha nishani yake ya OBE. Mtu aliyekuwa Danny akipinga makaa ya mawe! Wapo walioona unafiki. Sioni. Danny alilia watu walionyang'anywa riziki bila kupewa nyingine, hakulia makaa.

Swali linaloulizwa sana Uingereza siku hizi ni kama mtoto wa Warrington wa leo angefika huko. Julie Walters, mwenzake wa Everyman, amesema waziwazi kwamba watoto wa familia kama zao hawana tena njia ileile. Postlethwaite alisoma wakati serikali ikiwalipia wanafunzi, akajifunza kazi kwenye ukumbi wa mkoani uliopata ruzuku, na filamu iliyomtoa iligharimiwa na taasisi ya filamu ya taifa pamoja na Channel 4, kwa mwongozaji ambaye hakuna tajiri angempa pesa. Ondoa kimojawapo, na Spielberg hana wa kumsifu. Everyman wa zamani ulivunjwa baada ya 2011 na mpya ukafunguliwa 2014, jengo zuri lililoshinda tuzo. Tiketi zake si za bei ya watu wa baa zile.